Shuka ya Injinia

Kila mtu pale kijijini aliiita shuka, na Anatolia alikuwa amechoka kuwasahihisha. Ilikuwa chati. Karatasi nne kubwa za kuchorea ramani zilizounganishwa kwa gundi mpaka zikapata upana wa kitanda, na juu yake mistari ya kazi yote ya kujenga zahanati, kuanzia siku ya kupima msingi mpaka siku ya kupaka rangi mlango wa mwisho. Alikuwa ameitundika kwa misumari kwenye ukuta wa stoo ya saruji. Ta Karugendo, mzee aliyekuwa fundi mkuu wa uashi, alipoiona mara ya kwanza aliitazama juu mpaka chini, akauliza, "Sasa mwanangu, shuka kubwa hivi, tutajifunika wangapi?" Mafundi wakacheka mpaka wakaweka miiko chini. Jina likaganda.

Ulikuwa mwezi wa Novemba 1973, na kijiji chenyewe kilikuwa kimoja cha vile vya ujamaa upande wa Muleba, nchi ya Wahaya, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Rubya. Anatolia hakuwa mgeni wa mkoa. Alizaliwa Kanazi, kwenye migomba na mibuni ya baba yake, akasoma mpaka akapata uinjinia Nairobi, akafanya kazi mikoa ya mbali, kisha serikali ikamrudisha Nairobi kuchukua shahada ya pili ya usimamizi wa ujenzi na miradi. Shangazi yake wa Rwamishenye alipoambiwa jina la somo hilo alishika kiuno. "Miaka yote hiyo umesomea kujenga, leo unasomea kusimama pembeni?"

Lakini Anatolia alilipenda somo hilo kupita kiasi, wala hakuona haya kusema. Alipenda kwamba jengo zima, kabla halijawa jengo, linaweza kukaa kwenye karatasi: kazi hii inaisubiri ile, ile inaisubiri nyingine, na katikati yake unapita mstari mmoja mwekundu ambao ukichelewa siku moja, zahanati nzima imechelewa siku moja. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kila akiutazama mstari ule alijisikia kama mtoto aliyepewa ufunguo wa kabati la sukari.

Tatizo lilikuwa Dokta Oluoch, msimamizi wake wa masomo. Anatolia alitaka kuonyesha katika tasnifu yake kwamba kazi ya kujitolea ya wanakijiji inaweza kupangwa na kutimia kwa siku, sawasawa na kazi ya kampuni. Dokta hakuamini hata kidogo. "Mtu wa kujitolea hapangiki," aliandika katika barua yake ya mwisho. "Nitakuja mwenyewe siku ya kumwaga lenta. Nikikuta kazi imekwama, utabadilisha mada." Na kubadilisha mada maana yake ilikuwa moja tu. Ruhusa ya serikali ilikuwa inaisha mwezi wa tatu, na hakuna binadamu anayeanza tasnifu mpya Desemba akaimaliza Machi. Angerudi kazini bila shahada, basi.

Ndiyo maana siku ya lenta aliipanga kama harusi. Mkanda ule wa zege unaozunguka juu ya kuta zote ulitakiwa umwagwe siku moja bila kusimama, kwa sababu zege la leo na la kesho halishikani vizuri. Mifuko arobaini ya saruji ilikuwa kavu ndani ya stoo. Nondo zilikuwa zimefungwa, mbao zimepigiliwa, kokoto zimepimwa. Watu sitini, saa nane za kazi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na asidhani mtu kwamba alipanga kichwa kichwa. Kwenye chati aliweka siku za mvua, Jumapili na sikukuu za kanisa, siku za gulio, wiki za kuchuma kahawa, hata siku za msiba aliziwekea nafasi, kwa kuwa alijua kwamba kijiji kikifiwa hakuna atakayeshika chepe.

Jumamosi ile alifika kwenye kiwanja kabla jua halijachomoza, akapuliza filimbi. Akangoja. Akapuliza tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mchanga, na zaidi ya Ta Karugendo aliyekuwa amekaa juu ya tofali akitafuna kahawa, hapakuwa na mtu.

"Watu wako wapi, Ta?"

Ta Karugendo alitema ganda la kahawa. "Wameshuka."

"Wameshuka wapi?"

"Senene, mwanangu. Senene wameshuka. Jana mvua, alfajiri hii wamejaa mlimani kote." Akamtazama, na polepole uso wake ukabadilika. "Usiniambie hawamo kwenye shuka."

Anatolia aligeuka akaitazama chati yake. Mvua za Novemba zilikuwamo, amezichora kwa penseli ya buluu, nadhifu kabisa. Senene, panzi wa kuliwa wanaokuja na mvua hizo hizo, hawakuwamo. Novemba saba alikuwa Nairobi na huko kazini, ambako mvua ni mvua tu, na katika miaka hiyo saba kitu ambacho mtoto yeyote wa Kihaya anakijua kabla ya kujua kusoma kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilimpanda.

"Nikwambie nini? Wewe si Mhaya?"

Masikio yalimwaka moto. Meli ya Dokta ilikuwa inatia nanga Bukoba asubuhi hiyo hiyo, na ifikapo saa saba Landrova ingekuwa imemfikisha hapa, aje aone mifuko arobaini ya saruji na mzee mmoja juu ya tofali. Anatolia alikunja sketi yake akapanda mlima akikimbia, hasira zimemjaa mpaka kooni, akitunga njiani maneno ya kuwaambia wale watu.

Alipofika juu aliyasahau. Mlima mzima ulikuwa unatembea. Watu walikuwa wameinama kwenye majani yenye umande, wanawake, wanaume, vizee, na vikapu, na ndoo, na madebe, wakiitana kwa Kihaya na kucheka, na majani yenyewe yalikuwa yamegeuka senene, wa kijani, wa kahawia, wengine wamening'inia wawili wawili kwenye unyasi mmoja. Mmoja alitua kwenye mkono wa blauzi yake. Kabla hajafikiri, vidole vyake vilikuwa vimemshika shingoni kama alivyofundishwa na mama yake Kanazi, na Anatolia akajikuta anacheka peke yake, machozi yakimlengalenga. Alikuwa amewatamani wadudu wale bila kujua.

"Injinia!" Alikuwa Ma Kokuhirwa, kiongozi wa akina mama wa kijiji, kikapu chake kimejaa mpaka ukingoni. "Shika huo upande, waitu, mwenzetu, usisimame kama mlingoti!"

"Ma, leo ni lenta!"

"Najua ni lenta. Tumeikimbia wapi? Jua likishika majani, hawa wanaruka wote. Ikifika saa tatu nani atabaki hapa? Utatupata."

Saa tatu. Anatolia alikaa chini palepale kwenye umande, akatoa penseli kwenye nywele na daftari mfukoni. Saa tatu na nusu mpaka saa kumi na moja jioni ni saa saba na nusu. Pungufu ya nusu saa tu, ila watu watakuwa wamekwisha choka. Akainua macho kuwahesabu, akahesabu tena kwa sababu hesabu ilikataa. Kijiji kilikuwa na watu wazima mia moja kasoro. Pale mlimani walikuwa zaidi ya mia mbili.

"Ma, hawa wengine ni wa wapi?"

"Vijiji vya jirani vyote. Mlima huu ndio wenye senene wengi. Kila mwaka wanakuja."

Na kila mmoja alikuwa ameshika ndoo au debe. Mwezi mzima Anatolia alikuwa amehangaika kutafuta makarai, akapata ishirini tu, na sasa mbele yake palikuwa na vyombo mia mbili vyenye watu wa kuvibeba. Akainuka kwenye umande. "Ma Kokuhirwa, uwaombe. Saa saba tu za mikono yao."

Ma Kokuhirwa alifikiri, akatikisa kichwa. "Watakubali, lakini senene je? Wasiponyonyolewa mabawa na miguu mapema wanaharibika. Mtu hawezi kuacha senene wake waoze kwa ajili ya zege la zahanati."

"Nani ananyonyoa vizuri zaidi?"

"Bibi zetu. Wanakaa tu, vidole vinakwenda."

Anatolia alimwomba awaite, kisha akateremka mlima mbio kuliko alivyopanda. Alishika kalamu mbele ya chati. Chini ya mistari yote akaongeza mmoja, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: KUNYONYOA SENENE. Bibi thelathini, kivuli cha stoo, saa tatu mpaka kazi itakapokwisha. Kisha akautia wino mwekundu, kwa kuwa bila bibi wale hakuna ndoo, na bila ndoo hakuna lenta.

"Sasa hata senene wanajifunika," alisema Ta Karugendo, lakini alikuwa amesimama, na mwiko ulikuwa mkononi.

Walikuja kweli. Walishuka mlimani wakiimba, wakamimina senene wao kwenye majani ya migomba mbele ya bibi, kila familia fungu lake, wakasuuza ndoo na kujipanga. Anatolia aliwapanga mistari miwili kutoka kwenye majukwaa ya kuchanganyia zege mpaka juu ya ngazi, mmoja wa kupeleka ndoo zilizojaa, mwingine wa kurudisha tupu. Machepe yalikuwa yanakwaruza, maji yanamwagwa, Ta Karugendo juu ya ukuta akishindilia zege kwa fimbo na kutukana kila aliyejaza ndoo nusu. Anatolia alikuwa huku na kule, filimbi mdomoni, akiona kwamba hakuna mtu mwenye bahati kama yeye katika mkoa mzima wa Ziwa Magharibi.

Landrova ilifika saa saba na dakika kumi. Dokta Oluoch aliteremka, mrefu, suti ya kaunda imejaa vumbi, akasimama. Alitazama mistari miwili ya watu. Alitazama bibi thelathini waliokaa kivulini wakichambua vitu vya kijani kwa kasi ya mashine. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye chati.

Anatolia alimfuata. Angeweza kumwambia kwamba yote hayo aliyapanga. Ingekuwa rahisi mno.

"Huu mstari wa chini wino wake haujakauka," Dokta alisema.

"Nimeuandika leo asubuhi. Niliwasahau senene, Dokta. Saa kumi na mbili na nusu hapakuwa na mtu hapa kiwanjani, kazi ilikuwa imekwama. Mimi nimezaliwa mkoa huu huu, na niliwasahau."

Dokta alivuta ncha ya ndevu zake. "Kwetu ni kumbikumbi," alisema hatimaye. "Wakitoka ardhini hata mwalimu anaacha darasa. Nimechora chati miaka kumi na mitano, sijawahi kuwaweka." Akageuka kuwatazama watu tena. "Nilikuja nimekwisha iandika barua ya kukutaka ubadilishe mada. Iko kwenye mkoba. Usibadilishe. Ila hiyo ya leo asubuhi, ya kiwanja kitupu, uiandike kwanza, kabla ya mambo mengine yote."

Anatolia aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mstari wa ndoo.

Ndoo ya mwisho ilipanda saa kumi na dakika ishirini. Shangwe zilizopigwa zilisikika mpaka bonde la pili. Akina mama walikuwa wamekwisha washa moto, na harufu ya senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe ilizunguka kiwanja chote.

Desturi ya senene Anatolia aliijua, hiyo hakuisahau. Mwanamke huwakusanya akampelekea mwanamume, mwanamume akala, na mwanamke akapewa nguo mpya kwa kazi yake. Zamani hata kuwaonja hakuruhusiwa. Kwa hiyo alipomwona Ta Karugendo anakuja na kifurushi cha jani la mgomba kinachotoa mvuke, alisogea ampishe afike kwa Dokta. Mzee alimpita Dokta. Akasimama mbele ya Anatolia, akakitoa kifurushi kwa mikono miwili.

"Wewe kwanza, Injinia."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Anatolia alipokea kwa mikono miwili, akala mmoja, wa moto, chumvi imemkolea, akala wa pili.

"Kasinge, Ta," alishukuru. "Lakini nimekula, na anayepewa senene hutoa nguo. Mimi nitakupa nguo gani?"

Ta Karugendo alielekeza mwiko kwenye ukuta wa stoo. "Nipe ile shuka."

Vicheko vililipuka, lakini mzee hakucheka. Anatolia alimtazama Dokta. "Utachora nyingine," Dokta alisema, mdomo umejaa senene. Basi akaenda ukutani, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaikung'uta chati vumbi la saruji, akarudi akamvisha Ta Karugendo mabegani, ule mstari mwekundu wa chini ukimning'inia kifuani.