Sukari ya Bobi

Kila asubuhi kabla ya uji, Ernesta wa Vudee alimtoboa mumewe kidole na kuminya tone la damu kwenye kimashine cha sukari. Zebedayo alikuwa na kisukari cha miaka, lakini tangu masika kimashine kilisoma tano tu. Muuguzi wa zahanati alimsifu mbele ya wagonjwa wengine.

Mwenye kiu alikuwa mbwa. Bobi, ambaye mchana hafunguliwi, alimaliza ndoo ya maji na kukojoa hapo hapo mgombani, na sisimizi wakajaa kwenye mkojo wake. Ernesta akamtoboa pembeni ya sikio. Ishirini na sita.

Elibariki, bwana mifugo, alipopita kuchanja kuku aliuliza Bobi anakula nini. Ugali na dagaa. Alinawa mikono taratibu.

"Mama Agape, hii sukari si ya mbwa," alimwambia Ernesta. "Anambebea mtu. Baba anakula wapi?"

Ernesta alipajua. Zamu yao ya kufungulia maji ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ilikuwa Alhamisi, lakini Zebedayo alibeba jembe hata Jumatatu, na njia ya mfereji inapita kwa Victoria, mjane mwenye shamba la miwa na sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Kuanzia hapo akawa anampima Bobi jioni. Kumi na mbili, ilikuwa chai tu. Ishirini, walikamua miwa. Siku iliyosoma thelathini alijua wamekula ndizi mbivu za kukaanga, na roho ikamuuma vibaya, kwa sababu miaka yote ya ndoa Zebedayo hakuwahi kumwomba yeye ndizi za kukaanga. Alimwekea kimashine mezani. Zebedayo alikisoma, akarudi kwenye makande yake.

"Mbwa naye apunguze kula," alisema.

Bobi alipofuka macho, kisha akafa. Zebedayo alimzika vizuri, akaosha jembe, akaenda kufungulia maji. Alirudi na kitoto cha mbwa ndani ya koti.

"Victoria katuzawadia. Nyumba haikai bila mbwa."

Bwana mifugo alikuwa amekwisha kumwambia Ernesta kwamba mzigo wa namna hiyo haulali njiani, lazima upate wa kuubeba. Alilikumbuka hilo. Hata hivyo alikikamata kile kitoto shingoni, akashuka nacho mpaka kwa Victoria na kumwekea mlangoni.

"Kwangu hakiingii kitu chako," alimwambia. Kisha akapanda kilima, akapika.

Asubuhi kimashine kilimsomea Zebedayo tano. Ernesta alikuwa amemaliza ndoo na ulimi bado mkavu. Alibadilisha sindano, akajitoboa mwenyewe. Kumi na nane, na hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya maji. Zebedayo alitazama namba hiyo, akamwambia apumzike, akachukua jembe. Ilikuwa Jumatatu.

Adhuhuri, akiwa amejilaza mkekani, Ernesta alisikia mdomoni ladha ya ndizi za kukaanga, zenye iliki kidogo, zilizotolewa motoni kabla hazijaungua. Alitaka sana ziwe mbaya. Alizitafuna mpaka zikaisha, akakubali kwamba Victoria anajua kupika, kisha akanyanyuka kwenda kutafuta maji.