Maji ya Nyumbani kwa Audrey

Bango lilibandikwa ukutani kabla hata chai ya asubuhi haijaandaliwa: mikono mitupu ya Audrey, imejaa nakshi nyeusi zilizochanjwa kwa masizi hadi mabegani, na juu yake maandishi manene, SOTE NI WAMOJA. Chini ya bango hilohilo Audrey mwenyewe alikuwa akimlisha bibi mmoja uji, amevaa sweta la mikono mirefu katikati ya joto la Julai. Ndivyo alivyoamriwa. Mikono ionekane kwenye picha, kazini ifunikwe.

Asmahan aliliona hilo, akasikitika, kisha akakumbuka kwamba yeye naye ana yake. Nyumba hii ya kulea wazee, hapa Erdington, ughaibuni, ilikuwa imetangaza kwamba itamdhamini kibali cha kazi mfanyakazi mmoja tu. Vibali vyao wawili vilikuwa vinaisha mwezi uleule. Asmahan wa Unguja, au Audrey, Mkalinga wa milima ya kaskazini mwa Ufilipino: mmoja abaki, mwingine afungashe virago.

Na walikuwa marafiki, hapo ndipo palipouma. Siku Asmahan alipokwenda mara ya kwanza chumbani kwa Audrey, kule Winson Green, alipewa bilauri ya maji kabla hajavua koti.

"Kunywa kwanza," Audrey alimwambia. "Kwetu mgeni akishakunywa maji ya nyumba, haguswi. Awe wa kabila lolote, hata la mahasimu wetu. Akipatwa na baya, aibu ni yetu."

"Na yeye mgeni?"

"Naye hamdhuru mwenyeji wake. Hilo halisemwi, linajulikana tu."

Asmahan alikunywa hadi tone la mwisho. Ndipo Audrey alipokunja mikono ya sweta, akamweleza nakshi moja moja: mashuke ya mpunga, magamba ya nyoka, zote alichanjwa na bibi yake kwa mwiba wa mbalungi, ili apendeze na ukoo wake ujulikane. Zamani, alisema, wanaume walichanjwa waliporudi vitani na kichwa cha adui. Wanawake hawakuchanjwa kwa ajili hiyo.

Wiki ya bango, meneja wao, Rajni, alimwita Asmahan ofisini. Rajni alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake alikitoa kabatini pale tu alipotaka siri.

"Wewe ni rafiki yake, Asmahan. Kuna family moja imecomplain, ati zile tattoo zinawatisha. Zinamaanisha nini hasa? Naandika report ya visa leo."

Asmahan aliitazama kalamu ya Rajni. Jibu alilijua lote, mwanzo hadi mwisho. Akachagua nusu.

"Kwao ni alama za wakata vichwa."

"Wakata vichwa? Serious?"

"Ameniambia mwenyewe."

Sikusema uongo, alijiambia kwenye ngazi. Alijiambia tena ndani ya basi, akajiambia hata juu ya mswala, na kila mara moyo ulimkatalia. Barua zilitoka Ijumaa. Asmahan alibaki, na bango pia lilibaki, kwa kuwa lilikuwa limependwa sana na wageni.

Siku ya kuaga alikwenda Winson Green. Audrey alimfungulia mlango, akamkaribisha kwenye kiti kilekile cha siku ya kwanza. Begi lilikuwa wazi kitandani. Walizungumza kuhusu safari, kuhusu mvua, kuhusu yule bibi wa uji ambaye sasa hakubali kulishwa na mtu mwingine. Asmahan alisubiri. Bilauri ilikuwa dirishani, imeoshwa, imefudikizwa.

"Rajni alinisomea ile ripoti," Audrey alisema, wala hakupandisha sauti. "Yote."

Asmahan alitaka kuomba radhi. Alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini macho yalimwendea bilauri pale dirishani.

"Nina kiu," ndilo neno lililomtoka.

Audrey aliichukua bilauri. Aliifuta ndani na nje, akaitia ndani ya soksi, akaiweka begini na kuvuta zipu.

"Duka liko pale kona," alisema, akaenda kumshikia mlango.