Mgongo wa Cherehani

Fundi asiyeumwa mgongo, walikuwa wakisema Bi Pindo na wifi yake, ujue hana wateja. Walishona katika chumba kimoja cha mbele, cherehani zao zikitazamana kama majirani walionuniana. Bi Pindo alipewa jina hilo kwa sababu pindo la gauni alilishona kwa mkono, mteja awe na haraka asiwe nayo. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekata vitambaa: mkasi mkali, mdomo mkali zaidi.

Kwa hiyo Bi Pindo alipoanza kushika kiuno kila akiinuka, hakuna aliyeshtuka.

"Wifi, unakaa kama mtu anayesubiri kufukuzwa," wifi alimwambia. "Huo ni mgongo wa cherehani. Tutautibu kifundi."

Wakautibu kifundi kweli. Waliinua meza kwa matofali, wakashona mto wa sponji. Mwishowe wifi akatoa kiti chake chenye egemeo, ambacho hata mumewe hakuthubutu kukikalia, na yeye akahamia kwenye stuli. Wateja walipomcheka, aliwajibu kwamba stuli inapunguza makalio. Kikohozi nacho kilipoingia wakalaumu vumbi la vitambaa, wakafungua dirisha la pili.

Lipo jambo ambalo halikuwekewa mto. Kabla mgongo haujaanza, Bi Pindo alikuwa ameshaagana na hedhi zamani, kisha damu ikarudi kidogo kidogo, hasa akishalala na mumewe. Wifi alimkuta akichagua mabaki laini ya flana kapuni.

"Ya nini hayo?"

"Damu imerudi."

"He! Ujana huo! Kaka yangu kwa magoti yale ataukimbiza vipi?"

Walicheka wote wawili. Bi Pindo alicheka mpaka akafuta machozi, akatia flana mfukoni, na hakulitaja tena.

Siku mguu ulipokataa kumbeba ndipo walipokwenda hospitali. Kinyama kikatolewa kupimwa, picha zikapigwa. Majibu yalipotoka, daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alivuta kiti karibu yao.

"Mama, ni saratani. Ilianzia kwenye mlango wa kizazi."

"Basi ukateni huo mlango," alisema Bi Pindo. "Nina magauni ya watu yananisubiri."

"Ingekuwa bado iko palepale, tungeweza. Lakini imetoka. Iliingia kwenye nyama za jirani, ikafika kwenye tezi za nyonga, zile zinazochuja maji ya mwili. Kutoka hapo chembe zake zikasafiri, nyingine kwa maji hayo, nyingine kwa damu. Zimeota mapafuni na kwenye mifupa ya mgongo."

"Kwa hiyo ninazo tatu?"

"Ni ileile moja, mama. Hata iliyoko mgongoni ni ya mlango wa kizazi, imehamia tu."

"Sisi tulimbadilishia kiti," wifi alisema, kabla hajajizuia.

Daktari hakucheka. "Mlijitahidi," alisema.

"Nitapona?" aliuliza Bi Pindo.

"Maumivu tutayapunguza kwa mionzi. Dawa zinaweza kuuchelewesha ugonjwa. Kuumaliza wote, hapana."

Kwenye benchi la nje wifi alilia bila kujificha uso. "Siku ile ya flana, mdomo wangu ungenyamaza tu!"

"Ungenyamaza ningekuitia mganga, maana ungekuwa unaumwa. Mimi nami mdomo ninao, wifi. Ningeweza kusema, 'Acha utani, naogopa.' Sikusema." Bi Pindo alimtazama. "Wewe umewahi kupimwa huko?"

"Mimi siumwi."

"Mwanzoni nami sikuumwa. Nesi yuko chumba kile. Nenda."

"Mgongo kidogo ndio unaniuma," wifi alikiri.

"Tangu lini?"

"Tangu stuli."

Alikwenda. Alipotoka alikuwa anarekebisha sketi, hajui aweke wapi macho. Nesi alikuwa amemwambia hajaona kasoro yoyote, arudi baada ya miaka michache apimwe tena.

"Basi chukua kiti chako," alisema Bi Pindo. "Mgongo wako ndio wa kiti."



Baada ya mionzi Bi Pindo alirudi nyumbani, akawa anashona pindo kitandani, mito ikimshikilia, akipumzika kila baada ya mishono michache. Jioni wifi alimpelekea magauni na kuchukua yaliyokwisha. Alikuwa amekirudia kiti chake, na mgongo ulikuwa umeacha kumuuma kabisa.

"Vipi mgongo?" aliuliza Bi Pindo.

Wifi alishika kiuno, akakunja uso. "Bado, wifi. Bado unanisumbua."

Bi Pindo aliitazama sindano yake, si yeye. "Muongo. Umeingia hapa umenyooka kama rula." Kisha akamsogezea gauni. "Nitungie uzi. Macho yamechoka."

Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, akatunga uzi.