Wako Alikuwa na Jicho Moja

Jumanne asubuhi mpwa alikuwa ameshafuta kioo cha simu mara mbili na kuifunga kwenye stendi, jicho la kamera likitazama chini wima. Taa ya kushoto aliiweka mahali pa saa nne, ya kulia mahali pa saa nane, kama uso wa saa ya ukutani, na mbele ya kila moja akaning'iniza karatasi nyembamba ili mwanga usiipige sarafu kofi. Alipoinama alibana pumzi. Pumzi huacha ukungu, na wanunuzi wa mnada wa mtandaoni wana macho ya mwewe.

Sarafu ilikuwa ya fedha, pana, na juu yake mfalme mwenye pua ndefu alitazama kushoto. Shavuni alikuwa na mkwaruzo mwembamba. Aliyemkwaruza ni Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango wa pili, aliyemtunza miaka kumi na mmoja ndani ya mkebe wa sindano tangu alipoachiwa na marehemu mumewe.

Alikuwa amemleta jana yake. Cherehani yake ilikuwa inaruka mishono, na shule ilikuwa imempa sare arobaini azimalize kabla muhula haujafunguliwa. Alitaka sarafu iuzwe, anunue cherehani nyingine. Mjomba, ambaye kazi yake ni kuuza sarafu za zamani, aliiangalia kwa lenzi, akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Bati hili, mama. Limepakwa tu fedha juu."

"Marehemu aliniambia ni fedha tupu."

"Marehemu alikupenda. Mtu akikupenda atakwambia lolote. Iache hapa nikutupie, isije ikakuaibisha mbele za watu."

Akampa chupa ya mafuta ya cherehani, kwa ujirani mwema. Mama Cherehani akashukuru, akaenda zake. Mjomba naye akaenda jalalani kutupa maganda ya mayai. Sarafu aliiweka kwenye meza ya mpwa.

Mpwa, binti wa dada yake Mjomba, alikuwa akiishi kwake tangu amalize darasa la saba, na chumba alicholala ndicho hicho cha kupigia picha. Alipiga picha ya kwanza, ikatoka safi: pua, ndevu, mkwaruzo, na kila herufi ya ukingoni.

"Huo mkwaruzo uondoe," alisema Mjomba.

"Hauondoki, Mjomba. Ukisugua sarafu umeiua."

"Nani kakwambia usugue? Sogeza taa. Kasoro ni kivuli, na kivuli ni mali ya mwenye taa."

Mpwa akaisogeza taa ya kushoto hadi saa tatu. Mkwaruzo ukazama. Picha ya pili ilipotoka, mfalme alikuwa anatazama kulia.

"Umeipindua," alisema Mjomba.

Hakuwa ameipindua. Taji lilikuwa juu, ndevu chini. Kulia ndiko lilikokuwa duka la Mama Cherehani. Mpwa akaizungusha sarafu robo duara, na mfalme akarudisha uso kule kule, taratibu, kama mtu mwenye shingo iliyokakamaa. Akaizungusha tena. Akarudi tena.

"Mkaidi huyu," alisema Mjomba. "Tuhamishe meza."

Wakaipandisha meza ghorofani, katika stoo, ambayo sakafu yake ndiyo dari ya duka la Mama Cherehani. Hilo Mjomba hakulifikiria. Huko mfalme alitazama chini moja kwa moja, kwa hiyo simu ikaona kisogo: nywele zilizochanwa vizuri, fundo la utepe na masikio mawili. Mjomba alikitazama kisogo kile kwa muda mrefu, kisha uso wake ukachanua.

"Hii haipo duniani. Andika hivi: kosa la kiwandani, mfalme kisogo, iko moja tu."

Mpwa akaandika. Kufikia mchana wanunuzi walikuwa wanapandishiana bei kama vichaa.

Jumatano Mama Cherehani alipanda ngazi kuleta kitambaa cheusi ambacho Mjomba alikuwa ameagiza cha kutandikia sarafu. Pindo lake lilikuwa limeruka mishono mahali patatu. Alipokiweka mezani akaiona sarafu.

"Huyu si wangu?"

"Wako nilimtupa, mama. Halafu wako alitazama pembeni. Huyu ni kisogo kitupu."

Mama Cherehani akainama. Mfalme, aliyekuwa akitazama sakafuni, akagundua kwamba mtu wake amepanda juu. Akageuka, akainua uso, akamwangalia kwa macho yote mawili.

"Jirani, mbona ananiangalia?"

"Ndiyo hayo ninayokwambia. Wako alikuwa na jicho moja."

Mama Cherehani alifikiri kidogo.

"Alikuwa nayo mawili. La pili lilikuwa upande wa pili wa uso, kama langu nikikaa upande."

"Ulilihesabu?"

Hakuwa amelihesabu, na hakuwa mwongo.

"Na mkwaruzo je? Hapa shavuni nilimkwaruza mwenyewe, kwa ncha ya mkasi."

"Mkwaruzo upi?" Mjomba akamgeukia mpwa. "Eti, mpwa wangu, unauona wewe?"

Mpwa akaitazama taa, akautazama mkeka wake uliokunjwa ukutani, maana tangu jana na yeye alikuwa amehamia stoo pamoja na meza.

"Taa ikiwa saa tatu, hauonekani," alisema.

"Umesikia?" alisema Mjomba.

Mama Cherehani alimwangalia binti yule. "Na ikiwa saa nne?"

"Leo iko saa tatu," alijibu Mjomba, akamfungulia mlango.

Jioni, kabla mnada haujafungwa, mpwa aliongeza picha moja: ile ya kwanza kabisa, taa ikiwa saa nne, mkwaruzo ukionekana kama barabara. Chini yake akaandika: "Hivi ndivyo alivyokuwa kabla ya kutenganishwa na mwenyewe, fundi nguo wa mlango wa pili, ambaye hakulipwa." Alitaka mtu aulize. Watu kumi na saba waliuliza. Waliuliza kama hadithi hiyo inakuja na cheti. Bei ikapanda maradufu.

Mjomba aliposoma maneno yale, mpwa alianza kuufunga mkeka wake, tayari kufukuzwa.

"Una kipaji," alisema Mjomba. Kesho yake akamnunulia taa ya tatu.

Sarafu ilifungwa kwenye pamba, ikasafirishwa. Baada ya wiki tatu mnunuzi aliandika kutoka mbali kwamba imefika salama, ila mfalme anashinda ametazama ukuta wa bafu, na je, mji wenu uko upande huo? Mpwa akajibu kwamba ndiyo. Mnunuzi akatoa nyota tano.

Mama Cherehani alimaliza sare ishirini na tisa. Zilizobaki shule ikampa fundi mwingine, pamoja na kazi ya muhula uliofuata. Siku hiyo mpwa alichapisha picha ya kwanza kwenye karatasi ngumu, akampelekea.

"Taa iko saa ngapi leo?" aliuliza Mama Cherehani bila kuinua kichwa.

"Saa nne, mama."

"Umechelewa kidogo." Akasogeza kiti, akampisha apite.

Wakaibandika picha ukutani juu ya cherehani kwa pini nne. Mfalme alitazama kushoto hadi adhuhuri, kisha akageuka akawa anafuata mshono. Kila cherehani iliporuka, alifumba macho.

"Afadhali yeye anaona aibu," alisema Mama Cherehani.

Jumamosi Mjomba alimtuma mpwa akaulize kama yale mafuta yamekwisha, maana kama yamekwisha, anaomba chupa yake. Yalikuwa yamekwisha. Mama Cherehani aliiosha chupa, akaifuta, akaikaza kifuniko, akamkabidhi. Mfalme aliisindikiza hadi mlangoni kwa macho yote mawili.