Taa Nyekundu Mbele ya Mama Mkwe

Muthama wa Kikima alikuwa na pua ya taabu. Akifagia duka, chafya. Mahindi yakitoa maua, chafya, macho mekundu, na kifua kinapiga mluzi usiku kucha. Wengine walisema ni baridi ya Mbooni, wengine wakasema kuna mtu amemfanyia kitu. Daktari ndiye aliyesema ni aleji, akampa vidonge vilivyomlaza usingizi juu ya kaunta huku wateja wakijipimia misumari wenyewe.

Basi miaka ya tisini ilipoanza, ndugu yake Jonah, aliyekuwa dereva wa injinia mmoja Mjapani huko Nairobi, akamletea mashine ya kusafisha hewa. Injinia alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuibeba. Lilikuwa sanduku jeupe, kimo cha debe. Ukilichomeka kwenye stima linavuta hewa ya chumba, linachuja vumbi, linarudisha hewa safi. Mbele lilikuwa na taa ndogo. Hewa ikiwa safi, taa ni ya kijani na mashine inanong'ona tu. Ikinusa moshi au harufu kali, taa inageuka nyekundu na feni inanguruma. Waliiweka sebuleni, karibu na mlango wa chumba cha kulala, na usiku ule Muthama alilala mpaka asubuhi bila kukohoa. Mkewe Ndinda aliamka mara mbili kumgusa kama yu hai.

Angenyamaza hapo, hadithi ingekuwa imekwisha. Lakini wapi! Mtu apate kitu kama hicho Kikima, halafu anyamaze? Kila mgeni alikaribishwa chai na kuonyeshwa mashine. Muthama aliwasha kiberiti, akakizima mbele ya mashine, taa ikawa nyekundu, feni ikanguruma, wageni wakapiga makofi. Siku moja akaingia Kilonzo mwenye bucha, ametoka kuchinja mbuzi, na mashine ikanguruma kabla hajaketi. "Mnaona!" Muthama akapaza sauti. "Hii kitu inamjua mtu ambaye hajaoga!" Watu walicheka hadi machozi. Kilonzo naye alicheka, ila hakuja tena kunywa chai.

Mdomo huponza kichwa. Mzaha ule Muthama aliupenda, akaurudia kwa kila mtu, nao ukasafiri na wanawake wa soko pamoja na magunia ya pojo. Ukafika Matiliku, kwa Kalondu, mama yake Ndinda.

Sasa, Wakamba tuna neno nthoni. Maana yake ni aibu, na maana yake ni heshima, neno ni hilo hilo moja. Mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni. Hawakai karibu, hawali pamoja, hawakodoleani macho. Na mambo ya mwili, kama kuoga au kuumwa tumbo, hayatajwi kati yao hata kwa fumbo. Akiwa na neno la namna hiyo, mama humwambia binti yake, na binti ndiye atakayejua la kufanya.

Ndinda alikuwa amezaa mtoto wa pili wa kike, na kwa desturi mtoto akaitwa Kalondu, jina la nyanya yake. Nyanya akaja kumwona. Alifika mapema kuliko walivyotarajia. Ndinda alikuwa sokoni kutafuta nyama, mtoto amelala ndani, na Muthama yuko peke yake nyumbani. Mama mkwe akasalimu kutoka mbali, akakataa kuingia, akaketi barazani akiwa ameupa mlango mgongo. Adabu yenyewe hasa. Muthama naye akabaki sebuleni akimwomba Mungu Ndinda arudi upesi.

Mtoto akalia. Muthama akamchukua, akambembeleza, wapi, kilio kikazidi. Mwisho bibi wa watu hakuvumilia. Mtoto mwenye jina lako analia na wewe umekaa tu? Akaingia akiwa ameinamisha kichwa, Muthama akamlaza mtoto kwenye kochi na kurudi nyuma, na mama mkwe akamwinua wajina wake. Mtoto akanyamaza papo hapo.

Mashine ikanguruma.

Taa ilikuwa nyekundu kama pilipili. Kalondu aliitazama taa, akalitazama gauni lake. Lilikuwa gauni la kanisani, limepigwa pasi likasimama. Na Muthama, mwenye pua ile, alikuwa tayari ameshajua kosa liko wapi. Marashi! Mama wa watu alikuwa amejimwagia marashi tangu kichwani hadi miguuni, mpaka chumba kizima kikawa kinanukia kama harusi. Mashine ile haikupenda marashi. Ndinda mwenyewe aliacha kujipaka kwa sababu yake.

Maneno yalikuwa mepesi: si wewe mama, ni marashi. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyasema. Lakini Muthama angemtajiaje mama mkwe harufu ya mwili wake? Akarukia waya, akauchomoa ukutani kwa nguvu, na hapo akaharibu zaidi, maana mashine iliponyamaza ilikuwa kana kwamba amekubali kila ilichosema.

Kalondu akamlaza mtoto taratibu. Akaikung'uta shali ya mtoto pale alipokuwa ameishika, kana kwamba ameichafua.

"Baba Ndila," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, macho sakafuni, "nilioga. Nilioga leo asubuhi na sabuni mpya. Hata Mutindi jirani akanipa marashi yake."

Wuui! Mama mzee, mwenye wajukuu, anamwambia mkwe wake kwamba ameoga! Muthama alitamani ardhi ipasuke immeze. Akafungua kinywa hatimaye aseme lolote, hata la uongo, na kilichotoka ni chafya. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikafuatana kama mtu anayetukana. Alipofuta macho, mama mkwe hakuwa ndani.

Ndinda aliporudi alimkuta mama yake nje kabisa, karibu na ua, akichambua pojo ambazo hakuna aliyemwomba azichambue. Mumewe alipomsimulia yaliyotokea, Ndinda alimweleza mama habari ya marashi, mama akacheka, akasema ameelewa, mashine ni mashine. Lakini chakula alikila pale pale uani, na mtoto alitaka aletewe akiwa amefungwa vizuri kwenye blanketi. Jioni alienda kulala kwa binamu yake, na kesho yake akarudi Matiliku.

"Umemfanya mama ataje mwili wake mbele yako," Ndinda alimwambia mumewe. "Wewe na mizaha yako."

Muthama aliifunika mashine kwa gunia, akarudia kukohoa usiku, akaona anastahili. Aliwauliza wazee, wakamwambia lililovunja nthoni hulipwa kwa mbuzi. Akachagua beberu mzuri, akaenda naye mpaka Matiliku, akaoga kwenye mto kabla ya kufika kama mtu anayekwenda kubatizwa.

Kalondu alimpokea vizuri, wala hapakuwa na kinyongo usoni mwake. Beberu alifungwa, kaka za Ndinda wakashukuru, maneno yanayopaswa yakasemwa, na jambo likatangazwa kuwa limekwisha. Muthama akapumua. Ndipo mama mkwe akatoka jikoni na kigoda chake. Alisimama kidogo katikati ya uwanja, akautazama moshi wa jikoni unaelekea wapi. Kisha akakipeleka kigoda mbali, upande ule moshi ulikokuwa unakwenda, akaketi huko peke yake moshini.

"Keti hapo hapo, mkwe," alimwambia kwa upole. "Upepo unatoka kwako unakuja kwangu. Hautakusumbua."

Muthama akaketi alipoonyeshwa. Hewa ilikuwa safi, na kifua chake hakikupiga mluzi hata kidogo.