Neno Aliloliruka Mkalimani

Seremala yule walimwita Randa. Yeye mwenyewe, alipojitambulisha kwa viziwi wenzake, alisukuma ngumi mbili hewani kama mtu anayelainisha ubao. Alizaliwa hasikii, na hakupata shule ya kumfundisha kusoma. Dada yake, aliyemfuata kuzaliwa, alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake, na alipokuwa mtu mzima akafanya hiyo kuwa kazi: mkalimani wa lugha ya alama. Siku za wiki alikuwa mahakamani au kwenye vyumba vya madaktari. Jumapili alisimama mbele ya kanisa, pembeni ya Mchungaji, na viziwi walikaa benchi la kwanza wakimtazama yeye.

Randa alipenda kutania kwamba kanisa zima yeye ndiye aliyebarikiwa kuliko wote. "Mahubiri yakinichosha nafumba macho tu," alisema kwa mikono. "Ninyi wenye masikio mtakimbilia wapi?"

Mkewe alikuwa anasikia. Walipendana kwa alama za nyumbani, njoo, kula, funga mlango, umechoka, na palipokuwa na jambo refu la kuzungumza walimwita mkalimani. Wifi huyu alikuwa daraja lao. Hata siku Randa alipoposa, maneno yalipitia kwa dada yake, na mpaka leo wanacheka kwamba binti aliitikia huku akimtazama mtu asiyemwoa.

Walingoja mtoto kwa muda mrefu, wakampata wa kike. Akashikwa na homa, akafa kabla hajaanza kutambaa. Randa alimtengenezea jeneza kwa mikono yake na hakuruhusu mtu mwingine aguse hata msasa. Baada ya maziko akafunga karakana. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyoletwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiangalia sakafu, na alioga pale tu mkewe alipomshika mkono na kumpeleka bafuni.

Wakati huo Mchungaji alikuwa akifundisha habari za mfalme Daudi, kila Jumapili kipande kimoja. Dada yake ndiye aliyemshawishi Randa atoke nyumbani siku ile, na hakuwa ameangalia somo lingefikia wapi. Lilifikia pale mfalme alipomchukua mke wa askari wake, kisha akapanga askari huyo auawe vitani.

Mkalimani alijua kinachofuata.

Mchungaji akapaza sauti. Nabii alimwambia mfalme kuwa yeye hatakufa, ila mtoto wake atakufa. Na Mungu akampiga yule mtoto. "Dhambi ya baba," alisema, akagonga mimbari, "ikaangukia kitanda cha mtoto!"

Randa alikuwa ameinama mbele, macho hayapepesi. Kando yake mkewe alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili.

Mikono ya mkalimani ilisita kidogo, kama mguu uliokosa ngazi. Kisha ikasema: mtoto aliugua. Mfalme akalala chini, akakataa kula, akamlilia Mungu. Mtoto akafa. Mfalme akainuka, akaoga, akabadili nguo, akala. Akasema mtoto hatarudi kwake, bali yeye siku moja atamwendea mtoto.

Hakuongeza chochote. Aliruka tu.

Kesho yake Randa aliamka, akaoga bila kushikwa mkono, akala akamaliza. Jioni majirani walisikia msumeno. "Hata mfalme aliinuka," alimwambia dada yake, na uso wake ulikuwa umerudiwa na damu. Dada akaenda zake akiwa mwepesi, akishukuru.

Kuanzia hapo habari ile ikawa ya Randa. Kila kiziwi aliyefiwa, Randa alimfuata, akamsimulia mfalme aliyelala chini na kuinuka. Aliisimulia vizuri kuliko Mchungaji. Ungemwona anavyomwinua mfalme kutoka sakafuni, mabega kwanza, ungelia.

Mkewe aliacha kwenda kanisani. Mwanzo alisema kichwa kinamuuma, baadaye nguo za kufua, mwishowe hakuna aliyeuliza tena. Mkalimani aliona. Akajiambia kila mtu ana namna yake ya kuomboleza, na hapo akaishia, maana kuuliza kulimtia hofu ambayo hakutaka kuichunguza.

Tena kuruka mara ya pili hakukumpa shida. Vijana walioraruliwa na dubu kwa kumcheka nabii, mikononi mwake walipata ajali msituni. Ardhi iliyofunuka ikameza watu na wake zao na watoto wao wadogo, ikawa tetemeko. Aliona anawahurumia watu wake.

Miaka ilipita. Fundi bomba mmoja wa mtaani, mtu wa masikio mazima na mwenda kanisani tangu utotoni, alifiwa na mwanawe wa kiume. Randa akamtengenezea jeneza, na alipolipeleka akamwomba dada yake afuatane naye. "Nina neno la kumwambia," alisema.

Walimkuta fundi ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, viatu vya kazi bado miguuni. Wanaume wachache walikuwa wamemzunguka kimya. Randa aliweka jeneza chini taratibu, akampa mkono, kisha akamgeukia dada yake. "Mwambie akumbuke mtoto wa mfalme Daudi. Mwambie nilipofiwa, habari ile ndiyo iliyoniinua."

Mkalimani akamgeukia fundi. "Kaka anakupa pole," alisema. "Anasema Mungu akutie nguvu."

Randa alikuwa akimtazama midomo. Hakusikia sauti, lakini umbo la jina lile alilijua. Akamgusa mkono. "Hujasema Daudi."

"Nimesema."

"Hujasema. Sema."

Watu walikuwa wanawatazama. Akasema. "Kaka anasema ukumbuke mtoto wa mfalme Daudi."

Fundi aliinua kichwa polepole. "Mtoto wa nani?"

"Ana maana nzuri, fundi. Ana maana kwamba..."

"Mtoto aliyeuawa kwa uzinzi wa baba yake? Ndiyo salamu za kuniletea leo?" Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mimi nimelala na mke wa nani? Nimemuua nani? Semeni, watu wote wasikie!"

Wanaume wakamshika. Kilio alichokizuia tangu asubuhi kikamtoka kwa sauti ya hasira. Mmoja wao akamwashiria Randa aondoke. Randa alibaki amenyoosha mkono wa pole, asijue auweke wapi.

Njiani akauliza, "Kasema nini?"

"Ana uchungu."

"Uchungu nimeuona kwa macho. Nauliza kasema nini."

Hakumjibu mpaka walipofika karakana. Hapo akamwambia yote, maneno ya fundi na yale aliyoyaruka yeye kanisani. Randa alitikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Simama pale," akasema. "Nionyeshe upya, tangu mwanzo. Usiruke."

Akasimama katikati ya vumbi la mbao, akaanza: mfalme juu ya paa, mke wa askari, barua ya kifo, nabii. Alipofika kwa mtoto akatumia alama yenyewe. Mungu. Akampiga. Ngumi iligonga kiganja kwa mlio ambao watu wawili waliusikia: yeye mwenyewe, na wifi yake aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

Randa alikaa juu ya rundo la mbao. "Mtoto alikosa nini?"

"Haikuandikwa."

"Kuna aliyeuliza?"

"Hapana. Mfalme alioga, akala."

"Mimi ningeuliza," alisema Randa. Mikono yake ilikuwa mizito. "Ningemuuliza Mungu usiku na mchana mpaka anichoke. Wewe ulininyima hata pa kuulizia."

Kisha akamgeukia mkewe: wewe, ulijua?

Mke aliweka chupa chini. Alama za nyumbani hazikutosha kwa jambo hili, akaanza kusema kwa mdomo, akimwangalia mumewe. "Wifi, mwambie. Na usiruke."

Mkalimani akainua mikono.

"Siku ile nilimsikia Mchungaji kwa masikio yangu, na hata kwa hizi alama chache ninazojua nikaona mikono ya dada yako inasema kingine. Nikaenda kusoma mwenyewe. Nikakuta anayedanganya ni wifi." Akamsogelea mumewe. "Nikataka kukwambia. Lakini nikakuta umekula. Ningekunyang'anyaje sahani? Basi nikanyamaza. Ila mimi nilibaki nayo, baba. Kila siku najipekua, nimefanya nini, nilimwonea nani, mpaka mwanangu apigwe. Nilikuhitaji tuulizane wawili, na wewe ulishapona. Ulikuwa unawaponya wengine. Nami kila ukisimulia nakuona unaniacha nyuma."

Mkalimani alitafsiri kila neno, hata yaliyomhusu yeye. Machozi yalimshuka, naye hakuweza kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Randa aliinuka, akamkumbatia mkewe. Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu maziko, yeye bila sauti na mke kwa sauti. Hakuna aliyemwambia mkalimani akae wala aondoke. Aliondoka.

Siku chache baadaye Randa alimwita. Alitaka kumwona Mchungaji, na alitaka yeye atafsiri. "Kama nilivyosema, vile vile," alimwonya.

Mchungaji aliwapokea ofisini, akawapangia viti mwenyewe. Alikuwa mtu mpole akiwa mbali na mimbari. Alisikiliza swali, mtoto alikosa nini, akafikiri, akaanza kueleza. Watu wa kale, alisema, waliuona mkono wa Mungu katika kila jambo, mvua na ukame, ugonjwa na uzima. Mtoto alipokufa walitafuta sababu, wakaiona kwa mfalme. Wapo wanaosema habari ile imewekwa kuwaonya wakubwa kwamba wanachofanya huwaumiza wadogo. Wapo wanaosema kifo kile kilikuwa rehema, mtoto aepushwe na aibu ya nyumba ile.

Randa alifuata mpaka mwisho. "Mwambie hajajibu," alisema. "Ameniambia habari za mfalme na za waandishi. Mimi nimeuliza mtoto. Na mwambie aligonga mimbari."

Zamani mkalimani angesema: kaka anashukuru, ila ana swali dogo. Safari hii akasema, "Hujajibu. Umemwambia habari za mfalme na za waandishi. Yeye ameuliza mtoto. Na anasema uligonga mimbari."

Mchungaji alivua miwani. "Jumapili ile sikujua kwamba mpo."

"Tulikuwa benchi la kwanza," alisema mke wa Randa.

Mchungaji aliiweka miwani mezani, akaivaa, akaivua tena. "Sijui mtoto alikosa nini," alisema hatimaye. "Nadhani hakukosa kitu. Nilihubiri kama mtu anayejua, na sikuwa najua. Nisameheni."

Randa aliitazama mikono ya dada yake mpaka ikatulia. Kisha akauliza, "Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," alisema dada.

Akamtazama Mchungaji usoni, halafu akamuuliza mkewe kwa alama za nyumbani: hajui? Mkewe akaitikia kwa kichwa: ndiyo, amesema hivyo. Hapo ndipo Randa alipoamini. Dada aliliona hilo, na likamwingia kama msumari.

Kwa fundi bomba Randa alirudi na mkewe tu. Dada alikuja kusikia kwa watu kwamba walipokewa, wakakaa sana, lakini waliyosema hakuyajua.

Alimwomba kaka yake msamaha, si mara moja. "Nilikusamehe siku ile ile," Randa alimjibu, tena kwa upole. "Ulitaka nile. Ila sasa nikitazama mikono yako, najiuliza umeacha nini."

Jumapili bado anasimama mbele. Haruki tena, dubu ni dubu, na ardhi inafunuka na kumeza. Wengine wanakunja uso, wengine wanamfuata baada ya ibada na maswali, naye huwapeleka kwa Mchungaji, ambaye siku hizi husema sijui bila kuona haya.

Mwaka huo familia ilikusanyika kwa mama yao. Mjomba, mtu asiyeishiwa vichekesho, alisimulia jinsi alivyompigia saluti mlinzi wa benki akidhani ni ofisa wa jeshi, na sebule nzima ikavunjika mbavu. Mikono ya mkalimani iliinuka yenyewe. Lakini Randa alikuwa amemgeukia mkewe, na mkewe, ambaye sasa anajifunza jioni baada ya kazi, alikuwa akihangaika na vidole, anakosea, anafuta hewani, anaanza upya. Kichekesho kilimfikia Randa vipande vipande, wengine wakiwa wameshanyamaza. Akacheka peke yake, kwa nguvu, mkono begani kwa mkewe.

Dada yake akaishusha mikono mapajani, akaifumbata.