Jua la Kumeza

Vuuuu… hakuna mlio mwingine usiku huu ila wa mashine ya presha inayovimba mkononi mwangu, inakaza, inazidi kukaza, na Léoncie muuguzi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ananikanya, apana sema, mama Houda, tunarudilia mara ya pili, ukisema itatudanganya… mimi wa kusema nini, mimi niliyefungwa mdomo siku ile mume wangu alipoamuru jina la mwanetu wa kwanza lisitajwe tena nyumbani, kisa kijana kafunga ndoa kanisani na Christa wake, na jina la mtoto lilipoondoka likaondoka na langu, maana Buyenzi yote ilikuwa ikiniita kwa jina lake, mama fulani, mama fulani, hadi mume wangu akapita gereji kwa gereji, duka kwa duka, akitangaza, mimi ni baba Houda, yule ni mama Houda, na watu wakaitikia, watu huwa wanaitikia… kichwa kinagonga nyuma, vimulimuli machoni, na dirisha lina pazia zito, kwa sababu niko eda, nimevaa nyeupe, mume yuko kaburini nami niko humu, na wifi yangu Sijaona amekaa kizingitini na tasbihi yake akiilinda amri ya kaka yake, utadhani marehemu ametoka tu kutawadha, atarudi sasa hivi aulize nani kasema nini… lakini anakunywaka vitamini D kila siku, binti yangu Houda analalamika, si mulisema mujane anakosa jua, na damu ikikosa jua inapanda? Nani alisema, mi? Léoncie anacheka, we Houda, watu wa sokoni wamekufanya daktari, vitamini D ni ya mifupa, kama imepunguka mu mwili tunaiongeza, ni muzuri, lakini tansio, presha ya namna hii, haiwezi kuishusha… na ni kweli alicheka pia Houda wangu siku aliyoniletea kile kichupa, kunywa mama, hii ni jua ya kumeza, nami nikameza jua asubuhi, nikameza jua na uji, nikaacha aamini, uongo wake ulinisitiri, kwani dawa yenyewe ningeitaja vipi bila kumtaja aliyekuwa akinipa, nilikuwa napanda hadi mtaa wa Kinanira nikisingizia kumsalimia shoga yangu, kumbe nakwenda famasi anayofanyia kazi yeye, ananikalisha nyuma ya kabati, ananipima, mama umekula chumvi tena, mdomo wako unanuka samaki wa ndagala, halafu anauliza kwa sauti ndogo, na baba? nami nasema, anakusalimia, kila mara anakusalimia, Mungu anisamehe salamu hizo… kisha baba akafa, mlango ukafungwa, vidonge vikaisha, na kijana alimzika baba yake akiwa safu ya mwisho kama mpita njia… mama, dawa ya tansio ulikuwa unaitoaka wapi, Houda anapiga magoti mbele yangu, nani alikuwa anakupa, niambie, mi kesho asubui ninaenda, na Sijaona anadakia, muache mama yako, ile si ugonjwa, ni mawazo ya mume, mwanamuke mwema anaumwaka hivyo… mwema, ndiyo, hivyo ndivyo watakavyosema wakinitoa humu, amemfuata mumewe, mke mwema, na Houda atakaa na kichupa chake mkononi akihesabu kosa lisilo lake, labda jua halikutosha, labda ningenunua lile kali zaidi, maisha yake yote, na yule mwingine atasimama tena safu ya mwisho asidiriki kunishusha kaburini, mimi, mama yake… bado inakaza, mkono umekufa ganzi, Sijaona ameikomesha tasbihi na ananitazama, naogopa, namwogopa bado, namwogopa hata aliye chini ya udongo, lakini Houda amepiga magoti na macho yake ni ya kaka yake, nani, mama, nani alikuwa anakupa, na mdomo wangu unafunguka wenyewe, mzito kama mlango uliovimba kwa mvua, nami nasema: Djibril.